Upondo na kiopoo vya mashua ya mfereji: kuvitengeneza, kuvifunga chuma na kuvitumia

Mashua nyembamba za mifereji ya Uingereza zina upana wa takriban mita 2.1, kwa kuwa loki nyingi za katikati ya nchi, yaani vile vyumba vya maji vyenye malango vinavyopandisha na kushusha vyombo, ni za upana wa mita 2.13, kipimo kilichoshika tangu kazi za James Brindley katika karne ya 18. Urefu unaweza kufika mita 22. Mashua ya chuma ya mita 17 ina uzito wa tani 15 au zaidi, na haina breki. Juu ya paa lake utakuta ubao wa kushukia, upondo na kiopoo. Hivi viwili vya mwisho ndivyo tunavyoshughulika navyo hapa.

Upondo ni wa kusukuma, kiopoo ni cha kuvuta na kuokota. Wachukuzi wa mizigo wa zamani walikuwa na upondo mrefu wenye kulabu nchani, wakautumia kwa kazi zote mbili. Kwa mashua ya kuishi au ya kutembelea tunashauri utenganishe. Kulabu ikizama kwenye tope hushika matairi, nyaya na takataka nyinginezo zilizolala chini, na wewe uliyeushika upondo utabaki unavutwa huku chombo kinaondoka.

Hatua ya 1: Chagua mbao

Upondo uwe na urefu wa mita 3 hadi 3.6 na unene wa milimita 40 hadi 45. Kiopoo kinatosha mita 1.8 hadi 2.4, unene milimita 32 hadi 36. Upondo mfupi zaidi ya hapo haufai: kina cha mfereji hakizidi sana mita moja, lakini upondo husukumwa ukiwa umelala, na urefu mwingi huliwa na mlalo huo.

Mbao bora ni ya mti wa eshi (Fraxinus excelsior), ule ule wa mipini ya mashoka na sururu. Hupinda bila kuvunjika na hustahimili mshtuko. Upondo wa eshi wa mita 3.3 una kilo 3 hivi. Msonobari wa Douglas ni mwepesi zaidi na unakubalika, ila hubonyea haraka unapogusa mawe. Tangu 2012, ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya eshi ulipothibitishwa Uingereza, mingi imekatwa na mbao zake zimeingia sokoni. Mti uliougua sana huwa na mbao zinazokatika ghafla bila kupinda, kwa hiyo muulize muuzaji zilikotoka.

Tazama nyuzi za mbao kabla ya kulipa. Zifuate kwa jicho upande hadi upande. Zikihama sentimita 1 kwa kila sentimita 20 za urefu au chini ya hapo, chukua. Zikihama zaidi, mti utapasuka kwa mshazari siku utakapoegemea kwa nguvu, na mpasuko wa namna hiyo huacha ncha kali kama mkuki mkononi mwako. Kifundo chochote katika theluthi ya kati ni sababu ya kuuacha.

Hatua ya 2: Kutoka mraba hadi duara

Anza na mti wa mraba wa milimita 42. Kila upande, chora mistari miwili, kila mmoja milimita 12.3 kutoka ukingoni. Ukiranda pembe hadi mistari ikutane, unapata pande 8 zilizo sawa. Kwa kipimo kingine chochote, zidisha upana wa mraba kwa 0.293. Kisha ondoa pembe 8 zilizobaki upate pande 16, na umalizie kwa msasa wa namba 80, halafu 120. Usiendelee kulainisha zaidi ya hapo. Mti laini mno huteleza mkononi ukilowa.

Punguza unene kidogo kuelekea mwisho wa juu, uwe milimita 36 hivi, ili uzito ukae chini na upondo uzame wenyewe.

Hatua ya 3: Funga chuma

Hapa ndipo pondo nyingi hufia. Eshi haivumilii unyevu wa kudumu. Maji yakiingia kati ya mti na kikombe cha chuma hayatoki, na baada ya misimu michache mti umekuwa unga ndani ya kikombe ambacho kwa nje bado kinang'aa.

Mwambie mhunzi akutengenezee kikombe chenye tundu la kuchongoka, kina cha milimita 100 hadi 120, kwa chuma kilichopakwa zinki. Chini kiwe butu au na pembe mbili fupi. Ncha kali haina faida: huzama sana kwenye tope, na sakafu ya mifereji hii ni udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa ili kuzuia maji yasivuje.

Paka chaki ndani ya kikombe, kisukume kwenye mti, kitoe. Kila palipoachwa alama ya chaki ni pale panapogusa mno. Kwangua hapo tu, rudia, hadi chaki ienee mti wote. Usikipashe moto ili kijichomee njia. Mti hugeuka makaa pale unapogusana na chuma, makaa hayo husagika, na kikombe huanza kucheza. Kikishakaa sawasawa, jaza gundi ya epoksi ndani ya kikombe na kwenye ncha ya mti, ukipigilie hadi gundi ya ziada itoke juu, ufute. Ikikauka, toboa milimita 6 kupita pande zote mbili, pitisha ribiti, gonga vichwa vyake vilale sawa na chuma. Msumari wa kawaida usiutumie. Hupasua mti na kulegea.

Kichwa cha kiopoo hufungwa vivyo hivyo. Mdomo wa kulabu uwe na nafasi ya kupitisha kamba nene ya milimita 20, na ncha yake iwe imeviringwa.

Hatua ya 4: Mafuta na rangi

Mkono wa kwanza changanya mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, yapenye. Kisha mikono mitatu au minne ya mafuta matupu, saa 24 kati ya mmoja na mwingine, na ufute yaliyobaki juu kila mara. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani huweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa pamoja. Vitandaze nje vikauke au vitumbukize majini.

Rangi weka kwenye ncha tu: nyeupe na nyekundu kwa mikanda, ionekane jioni. Mkanda mwembamba kila sentimita 50 kutoka chini utakupa pia kipimo cha kina. Sehemu ya kati ibaki na mafuta peke yake.

Hatua ya 5: Kukwamua mashua

Aliyezoea kusukuma mtumbwi kwa upondo kwenye maji mafupi ya pwani ya Afrika Mashariki ana mkono mzuri, ila ajue kuwa hapa upondo si wa kusafiria. Ni wa kukwamua na kugeuza omo, yaani mbele ya chombo.

Mfereji una kina katikati na hupungua kuelekea kingo, hivyo kwa kawaida hukwama omo. Usiongeze moto kwenda mbele. Weka gia ya nyuma, taratibu: injini ikinguruma hufyonza maji chini ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na chombo hukaa chini zaidi. Hamishia watu upande wenye kina. Hilo pekee mara nyingi linatosha.

Lisipotosha, simama ndani ya kisima cha omo, ile sakafu iliyozama mbele, miguu ukiitanua, kamwe si juu ya paa wala kwenye ukingo mwembamba wa pembeni. Teremsha upondo karibu na ubavu wa mashua, uulaze kama nyuzi 45, shika kwa mikono miwili. Mwili uwe pembeni ya upondo. Mwisho wake usielekee tumbo, kifua wala uso. Sukuma kwa uzito wa mwili, bila kushtua, na uendelee; tani 15 hazisikii kishindo, zinasikia msukumo wa sekunde 10 au 20. Mashua ikianza kutembea, zungusha upondo nusu duara kuvunja mfyonzo wa tope, kisha uvute. Usipotoka, uachilie papo hapo. Wanaoung'ang'ania ndio wanaoanguka majini. Upondo utausubiri pale, uurudie.

Kiopoo, loki na nyaya

Kiopoo ni cha kudaka kamba, pete ya kufungia au kitu kilichodondoka. Kusimamisha mashua ni kazi ya kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Mtu akianguka majini, kwanza toa gia na uzime injini ili rafadha isimame, kisha mpe upande wa mti ashike. Kulabu isimguse mwilini.

Ndani ya loki, usiweke upondo wala kiopoo kati ya mashua na ukuta. Mti hukatika au hukurushia mwisho wake. Usikishike kiopoo kwenye ngazi ya loki maji yanaposhuka: mashua inateremka, kulabu imenasa, na kitu kimoja lazima kikubali.

Chini ya nyaya za umeme za reli, zenye volti 25,000, beba upondo ukiwa umelala. Mti uliolowa hupitisha umeme, na upondo wa alumini ni hatari zaidi.

Paani, vilaze kwenye vishikio viwili vilivyoinuliwa sentimita 5 ili hewa ipite chini, kulabu ikielekea nyuma, na usivifunge kwa fundo. Kila mwanzo wa msimu, gonga kikombe kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu ni mti mzima. Mlio mzito, wa kuziba, kata sentimita 15 za mwisho, chonga upya, ufunge chuma kile kile.