Kabla hujaanzisha kikundi cha wachora ramani mtaani kwako

Umechora nyumba zako mia za kwanza kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia inayochorwa mtandaoni na watu wa kujitolea, usiku, peke yako, umenogewa, na sasa unataka kuwakusanya wenzako. Vizuri. Ramani yenyewe ilianzia Uingereza mwaka 2004 kwa watu wa aina yako, na hapa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 ukiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika. Huanzi porini. Ila kuna mambo uyaweke sawa mapema.

Tafuta watatu wanaofika kila mara, uachane na arobaini wa grupu la WhatsApp wanaotumiana "asubuhi njema". Siku ya kukutana iwe moja na isihamehame. Mahali pawe na umeme na intaneti, karibu na kituo cha daladala. Hayo yanajulikana, nisikuchoshe.

Kila mtu afungue akaunti yake. Akaunti moja ya kikundi ni balaa: siku barabara kuu imevutwa ikapita katikati ya darasa la shule ya msingi, hutajua nani kafanya, na mkifungiwa mnafungiwa wote. Wageni waanze na iD, ile programu ya kuchorea inayofunguka kwenye kivinjari, na wafundishwe siku hiyohiyo kubonyeza Q ili nyumba ipate pembe mraba. Usipowafundisha utaletewa mtaa mzima wa viazi. JOSM, programu nzito zaidi ya kuchorea inayowekwa kwenye kompyuta, itakuja baadaye kwa wenye hamu. Kwa wenye simu za Android, wape programu ya StreetComplete: inawauliza maswali barabarani, wao wanajibu tu.

Google Maps msinakili. Hata jina la duka moja. Masharti ya Google hayaruhusu, wala kanuni za OpenStreetMap, na kikigundulika kilichonakiliwa kinafutwa, wakati mwingine pamoja na kazi safi iliyokuwa jirani yake. Jina lisome kwenye kibao kwa macho yako au lipate kinywani mwa mkazi.

Posho usiianze. Ukishatoa elfu kumi Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya pili utaulizwa imepanda au imebaki palepale. Chai na maandazi yanatosha, na bando kwa anayekwenda uwandani.

Sasa serikali ya mtaa. Hapa naomba utulie usome, maana mimi sikuambiwa na mtu.

Tulikuwa wanane. Tulichagua mtaa mmoja wa kando ya Mto Msimbazi, siutaji, kwa nia njema kabisa: kuingiza mitaro na vichochoro ili mvua za masika zikija ijulikane maji yatapita wapi. Tulijipanga, tena tukajiona tumejipanga. Vikoti vya kung'aa, karatasi za ramani tulizochapisha steshenari, ubao wa kuandikia, futi ya fundi ujenzi. Tukashuka na daladala saa tatu asubuhi tukaanza kupima. Barua hatukuwa nayo. Nilisema, nakumbuka vizuri, "tunapima mtaro tu, nani atatuuliza?"

Aliyetuuliza ni mama aliyekuwa anakaanga vitumbua. "Wanangu, mnapima nini?" Mwenzetu mmoja, mpole, hana hata kosa, akamjibu: "Tunapima mtaro, mama, halafu nyumba zote za hapa tunaziweka kwenye ramani." Yule mama akaepua kikaango kabla vitumbua havijaiva. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumezungukwa. Mzee mmoja mwenye kibaraghashia akachukua karatasi mkononi mwangu, akaigeuza juu chini, akasema taratibu, "Na wale walikuja hivihivi. Karatasi na futi. Waliporudi walikuja na rangi nyekundu."

Nilielewa hapo, nikiwa nimeshachelewa. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilibomolewa, na baadaye nyingine zikapigwa alama ya X. Kwa mtu aliyeyaona hayo, kijana mwenye kikoti cha kung'aa anayepima karibu na ukuta wake haji na habari njema. Tulipelekwa ofisi ya serikali ya mtaa, ikawa imefungwa. Tukakaa kwenye benchi nje mpaka alasiri, simu zetu zikiwa kwenye mfuko wa rambo wa kijana mmoja wa ulinzi shirikishi, tukimsubiri mwenyekiti atoke msibani. Alipofika hakufoka. Alitusikiliza, akaamuru tupewe simu zetu, kisha akauliza: "Kwenu mtu huingia bila hodi?"

Tulirudi baada ya wiki tatu. Safari hii tulikuwa na barua iliyopigwa muhuri na mtendaji, na mjumbe alitembea nasi nyumba kwa nyumba. Kumbe hata kazi yenyewe ilikuwa haiwezekani bila yeye. Kichochoro tulichokuwa tumekipa jina la msikiti, wakazi wote wanakiita Kwa Mpemba, ingawa Mpemba mwenyewe alishafunga duka akahama zamani. Picha ya setilaiti haikuambii hilo. Tulipomaliza tulichapisha ramani kubwa tukaibandika ofisini kwao, na yule mzee alikuja akatafuta nyumba yake kwa kidole, akaipata, akaondoka bila kusema kitu.

Kwa hiyo: barua kwanza, ieleze mnafanya nini na kipi hamfanyi. Andika wazi kwamba hampimi viwanja wala hamhusiki na kuhamisha watu. Mpeleke mtu mzima akazungumze, siyo kijana mwenye vipokea sauti shingoni. Halafu mkubaliane nani atajibu maswali njiani, wengine wanyamaze.

Mengine kwa haraka. Majina ya wenye nyumba hayaingizwi, wala pale wanapojificha watu waliokimbia ukatili. Ramani hii inasomwa na kila mtu, na historia yake hubaki hata ukifuta. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Orodha ya shule au zahanati uliyopewa na ofisi yoyote usiimwage kwenye ramani kabla hujajua kama inaruhusiwa kutumika na kabla hujawauliza wachoraji wenzako. Ramani ya eneo ipakueni kwenye OsmAnd au Organic Maps, programu za simu zinazoonyesha ramani hii hata bila mtandao, mkiwa bado kwenye intaneti. Tembeeni wawiliwawili. Simu isishikwe mkononi karibu na bodaboda. Magharibi iwakute kituoni. Bebeni maji ya kunywa, chajieni simu usiku, na futi ikae mfukoni mpaka mjumbe afike.