Ndege ndogo ya Pemba inataka begi laini

Ukipanda ndege ndogo kwenda Pemba au kurudi Unguja, liache nyumbani lile sanduku gumu la magurudumu. Mara nyingi utapanda Cessna Caravan, abiria kumi na kitu tu, na mizigo hutiwa kwenye tumbo lililofungwa chini ya ndege. Begi la nguo hupindwa likaingia, sanduku halipindiki. Kilo mara nyingi ni 15, na mzani hauoni muhali. Mimi sanduku langu liliachwa Chake Chake, Pemba, likingoja ndege ya asubuhi, nikaenda harusini na kanzu ya kuazima, mikono imeishia juu ya vifundo.

Halua ya Wete, kama unayo, ipime kwanza nyumbani. Uzito wake si mchezo. Pawabanki usiisahau ndani ya begi la chini, betri za lithiamu hukaa na abiria.

Na kama Unguja unaunganisha ndege ya nje kwa tiketi nyingine kabisa, vuka siku moja kabla. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, wala shirika lake halilazimiki kukuhamishia safari bure.