Kupanga feni za kompyuta inayopozwa kwa maji, kwa joto letu la Tanga

Grafu nyingi za feni (zinazosema feni ikimbie kasi gani kwa joto gani) zinazozunguka mtandaoni zimepangwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Ukizinakili zilivyo ukaziweka kwenye mashine iliyoko Ngamiani mwezi wa pili, kaskazi inavuma na chumba kinasoma nyuzi 32, feni zitapiga kelele kutwa nzima hata kama umefungua barua pepe tu. Maji ya kwenye kipozeo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, lile bati la mapezi linalopoza maji. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji yanaanzia juu ya hapo, na hesabu yako ya feni nayo ianzie hapo.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana mmoja anayehariri video za harusi. Mashine yake ina kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani, rejeta ya milimita 240 yenye feni mbili, na feni tatu za kesi. Feni zilikuwa zinanguruma, zinanyamaza, zinanguruma tena, kila baada ya sekunde chache. Bibi harusi anakaa pembeni kukagua kazi yake, halafu vigelegele vyake mwenyewe havisikii. Kipozeo kilikuwa kizima na hakuna kilichoharibika. Ni mpangilio tu.

Hatua ya 1: Vumbi

Zima, chomoa waya wa umeme, piga blowa kwenye rejeta na nyavu za kesi. Shika kila feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Mpangilio wowote utakaoweka kwenye rejeta iliyoziba utakudanganya.

Hatua ya 2: Waya upi unakaa wapi

Pampu ichomekwe kwenye soketi yake, ile iliyoandikwa AIO_PUMP, PUMP_FAN au W_PUMP kutegemea madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Feni za rejeta zikae CPU_FAN, na za kesi zikae CHA_FAN au SYS_FAN. Kama pampu yako inachukua umeme wa SATA (waya ule ule wa umeme wa diski) na kutoa kijiwaya kimoja tu cha kusoma kasi, kijiwaya hicho nacho kipeleke kwenye soketi ya pampu.

Usiache CPU_FAN tupu. Mashine nyingi zikiwaka bila kuona feni hapo husimama na kutoa onyo, na wenye mashine hukimbilia kulizima onyo lenyewe. Mimi sipendi kulizima. Ndilo linalokuambia feni imekufa kabla hujaanza kazi ya mteja.

Soketi moja ya feni kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni mbili au tatu za kawaida kwenye waya wa kugawa hazina shida, ila angalia lebo nyuma ya feni ujumlishe ampea zake. Waya mzuri wa kugawa hurudisha kasi ya feni moja tu, kwa hiyo usishangae BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka) ikikuonyesha namba moja kwa feni mbili.

Hatua ya 3: Ndani ya BIOS

Bonyeza Delete au F2 mashine inapowaka. ASUS wanaita sehemu hiyo Q-Fan, Gigabyte ni Smart Fan, MSI utaikuta kwenye Hardware Monitor, ASRock ni Fan-Tastic Tuning. Pampu iweke kasi kamili, basi. Usiipe grafu, usiipunguze ili kupata utulivu. Kelele unayoisikia karibu kila mara ni ya feni, na pampu ikizunguka polepole joto linabaki juu ya prosesa badala ya kwenda kwenye rejeta. Soma namba yake: pampu nyingi hupita mizunguko 2,000 kwa dakika. Ikisoma sifuri, rudi hatua ya 2 kwanza.

BIOS ina njia mbili za kuongoza kasi: feni ya pini nne iwekwe PWM, ya pini tatu iwekwe DC. Ukiweka ya pini tatu kwenye PWM itazunguka kasi yote siku zote na hakuna grafu itakayoituliza.

Hatua ya 4: Feni zifuate joto la nani?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopoteza siku nzima. Madabodi ikitoka dukani, feni za rejeta zinafuata joto la prosesa. Kwa kipozeo cha hewa hilo ni sawa. Kwa kipozeo cha maji ni makosa.

Joto la prosesa huruka. Fungua kivinjari tu, linapanda nyuzi 15 au 20 ndani ya sekunde moja, kisha linashuka. Maji hayaendi hivyo. Nusu lita ya maji ikipokea wati 150 bila kupozwa kabisa hupanda nyuzi 1 kwa kila sekunde 14 hivi, na kwenye mashine yako rejeta inalipunguza joto hilo muda wote. Sasa feni zinapuliza rejeta, na rejeta ina maji ndani yake. Feni zikikimbia kwa sababu prosesa imeruka sekunde moja, zinapoza maji ambayo hayajapata joto lolote. Ndiyo ile kunguruma na kunyamaza.

Kwa prosesa za Ryzen 7000 hali ni kali zaidi. Nyingi zimetengenezwa kufika nyuzi 95 zikibanwa na kazi nzito, na zitapafuata hapo hata ukiwa na kipozeo kizuri. Grafu inayosema "nyuzi 80, feni asilimia 100" itakupa feni za asilimia 100 kila unapotoa video, maji yawe ya moto au la.

Kwa hiyo feni za rejeta zifuate joto la maji. Kuna njia tatu, nazitaja kwa jinsi ninavyozipenda.

Ya kwanza ni madabodi yenye soketi ya kihisi, yenye pini mbili, mara nyingi imeandikwa T_SENSOR. Nunua kihisi cha waya cha kilo-omu 10, ni kitu cha bei ndogo. Kipozeo kilichofungwa huwezi kukifungua kuingiza kihisi majini, na usijaribu. Kibandike kwenye ubavu wa rejeta, ile sehemu bapa ya chuma mwishoni zinapoingilia mipira, wala si kwenye mapezi. Futa kwanza kwa spiriti, bandika kwa tepu inayostahimili joto, halafu juu yake weka kipande cha sponji na tepu nyingine. Sponji ni lazima. Bila sponji kihisi kinapigwa na hewa ya feni na kusoma hewa, na ukishakosea hapo kila namba inayofuata ni ya uongo. Kitasoma chini kidogo ya maji yenyewe, lakini kinapanda na kushuka pamoja nayo, na hicho ndicho tunachokitaka. Kisha kwenye BIOS, chagua kihisi hicho kuwa chanzo cha joto. Baadhi ya madabodi hazikubali kuibadilishia chanzo CPU_FAN. Yako ikikataa, hamishia feni za rejeta kwenye soketi ya kesi na feni moja ya kesi iende CPU_FAN.

Naipenda njia hii kwa sababu haitegemei Windows. Windows ikiganda katikati ya kazi, feni zinaendelea kutii.

Ya pili ni kwa vipozeo vinavyosoma joto la maji vyenyewe na kulipeleka kwa waya wa USB, kama Kraken za NZXT. BIOS hailioni joto hilo, kwa hiyo unahitaji programu. Natumia Fan Control, ya bure, na kwa baadhi ya vipozeo utaongeza kiendelezi chake. Ukiwa nayo, funga programu ya mtengenezaji kabisa, hata isijiwashe mashine inapoanza. Programu mbili zikishika kifaa kimoja, kila moja itabadilisha alichopanga mwenzake. Wa Linux watumie liquidctl au CoolerControl.

Ya tatu, kama huna kihisi wala USB: ndani ya Fan Control tengeneza kihisi cha wastani wa muda, wastani wa joto la prosesa kwa sekunde 60, feni zifuate wastani huo. Kwenye BIOS kinachokaribia hilo ni muda wa kupanda na kushuka kwa feni; uweke mrefu kadiri inavyoruhusu. Kwa kijana wa video ndiyo tuliyotumia, na kunguruma kuliisha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Namba zenyewe

Kwa joto la maji, chumba cha nyuzi 32: maji 36 feni asilimia 35, maji 40 asilimia 45, maji 44 asilimia 65, maji 48 asilimia 85, maji 52 asilimia 100. Vingi vya vipozeo hivi vimewekewa kikomo cha maji nyuzi 60, kwa hiyo bado una nafasi. Kusi ikija na chumba kikapoa, usibadilishe kitu. Feni zitakaa chini zenyewe.

Feni za kesi zifuate joto lililo kubwa kati ya la maji na la kadi ya grafiki. Rejeta ikiwa juu ya kesi inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na kadi, na maji yatapanda hata prosesa ikiwa imelala. Feni za mbele ndizo dawa yake.

Hatua ya 6: Jaribu kwa muda

Dakika tano hazitoshi, maji yanakuwa bado yanapanda. Toa video ndefu au piga OCCT, programu ya kuibana mashine kwa kazi nzito, nusu saa, mchana, chumba kikiwa na joto lake. Maji yakitulia chini ya nyuzi 50, umemaliza.

Wengi huniuliza kuhusu unyevu wa pwani. Mashine ikiwa inawaka haitoi jasho, maana maji yake yana joto kuliko chumba. Hatari ipo kwa aliyezima mashine kwenye chumba cha kiyoyozi kisha akafungua dirisha la upande wa bahari: chuma kilichopoa kinashika maji kama glasi ya juisi ya barafu. Madirisha yabaki yamefungwa hadi chumba kipate joto.

Mwisho, hifadhi mpangilio kama profaili ndani ya BIOS na nakala kwenye flashi. Umeme ukikatika na kurudi ukakuta saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka, betri ya madabodi, CR2032, imekwisha, na grafu zako zimeondoka nayo. Badilisha betri, pakia profaili, kisha soma tena kasi ya pampu kabla ya kufungua kazi.