Kukagua Mkataba Kabla ya Kwenda Saudia kwa Kazi za Nyumbani

Kabla ya kutia sahihi, hakikisha kwamba wakala anayekupeleka ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Asiyekuwa nayo hafai hata kujadiliwa naye. Kisha omba mkataba uliosajiliwa katika Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, uusome mstari kwa mstari: mshahara, siku ya mapumziko, muda wa mkataba, na hasa kazi yenyewe, maana mwanamume aliyeandikwa dereva anaweza kujikuta akimwagilia bustani na kuosha magari ya ukoo mzima, na yaya akapelekwa kupika na kufua kwa mama mkwe wa tajiri wake.

Pasipoti ni mali yako, na sheria ya Saudia inamkataza mwajiri kuishika, ingawa wapo wanaoishika. Kwa hiyo piga picha ukurasa wenye jina lako, viza na kila karatasi ya mkataba, umtumie ndugu anayepokea simu saa zote. Ukifika, mpelekee pia namba ya mwajiri na jina la mtaa.