Kusoma habari ya kashfa bila kumhukumu mtu kabla ya wakati

Anza na kitenzi. Anahojiwa, anashikiliwa, ameshtakiwa, ametiwa hatiani: hizo ni hatua nne tofauti, na ni ya mwisho tu inayotoka mahakamani baada ya ushahidi kupimwa (nayo hukatiwa rufaa). Anayehojiwa huenda ni shahidi. Kichwa kikisema "muuaji anaswa" huku ndani imeandikwa "anashikiliwa kwa mahojiano", amini la ndani.

Kisha soma hadi chini. Mara nyingi kichwa hutungwa na mhariri, si mwandishi aliyefika kwenye tukio, na maelezo yanayopunguza ukali hurundikwa aya za mwisho. Mtuhumiwa amesema nini? Kama hajanukuliwa wala haikuelezwa kwamba alitafutwa, umesoma nusu ya habari. Hesabu na vyanzo: tovuti kumi zilizonakili gazeti moja bado ni chanzo kimoja. Picha ipakie kwenye mtambo wa kutafuta picha, uone ilianza kuonekana lini. Ya miaka mitano nyuma hurudishwa kama ya jana. Video fupi itafutie sehemu iliyokatwa mwanzoni, kwa sababu jibu la hasira bila uchokozi uliolitangulia hugeuka kuwa shambulio.

Pagumu zaidi ni sura ya mtu. Lindy Chamberlain wa Australia alipompoteza mtoto wake Azaria karibu na Uluru mwaka 1980, alisema amechukuliwa na dingo, mbwa wa porini. Watu walimtazama kwenye televisheni, wakaona halii inavyotakiwa, wakamhukumu. Mwaka 1982 alifungwa maisha. "Damu" iliyodaiwa kurukia chini ya dashibodi ya gari lake ilikuja kubainika kuwa dawa ya kuzuia kelele, iliyopuliziwa gari likitengenezwa. Mwaka 1986 koti la mtoto lilipatikana karibu na mapango ya dingo, naye akaachiwa. Hukumu ilifutwa 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa ni dingo.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa hili: tendo la mwenzetu tunalihesabu kuwa ni tabia yake, hali iliyomzunguka tunaisahau. Dawa yake ni kazi ya dakika mbili. Kabla ya kutoa maoni, andika sababu tatu zinazoweza kumfanya mtu mwema atende vilevile: mshtuko, dawa anazotumia, woga wa kamera. Ukishindwa kupata hata moja, hiyo si dalili kwamba ana hatia. Ni dalili kwamba humjui.

Usisambaze siku ya kwanza, kwani ndipo majina hukosewa zaidi. Kama ulishasambaza na ikabainika si kweli, kufuta peke yake hakutoshi: waliosoma wameshaondoka nayo. Rudi kwenye kundi lilelile, mtaje mtu yuleyule, useme wazi kwamba ulikosea.