Kupitisha vigeu kutoka makefaili mama hadi za ndani

Mradi ukiwa na folda nyingi, kila moja na makefaili yake (faili ya maagizo ya Make), vigeu (majina yanayobeba thamani) hupotea kwa urahisi njiani. Maelezo haya ni ya GNU Make, programu ya kujenga miradi, na folda yetu ya ndani inaitwa `maktaba`.

Hatua ya 1: ita folda ya ndani

```
.PHONY: maktaba
maktaba:
	$(MAKE) -C maktaba
```

Usiandike `make` tupu. Ukitumia `$(MAKE)`, chaguo kama `-n` (onyesha amri bila kuziendesha) na `-j` (endesha kazi sambamba) hufika hadi ndani na kufanya kazi ipasavyo.

Hatua ya 2: toa vigeu kwa `export`

```
export TOLEO := 1.4
export MATOKEO := $(abspath matokeo)
```

`-C` huhamisha folda, kwa hiyo bila `abspath` njia `matokeo` ingegeuka kuwa `maktaba/matokeo`. Epuka `export` isiyotaja jina: hutoa kila kitu, na baadaye ni vigumu kujua thamani ilitoka wapi.

Hatua ya 3: pokea kwa `?=`

```
TOLEO ?= 0.0
```

Hapa ndipo wengi hukwama. Kigeu kilichotolewa kwa `export` humfikia mtoto (Make inayoendeshwa ndani ya `maktaba`) kama kigeu cha mazingira (environment variable), na `=` ya ndani ya makefaili hukishinda. `?=` huweka thamani pale tu ambapo haipo. Angalizo: `CC` (jina la kikusanyaji cha C) ina thamani ya asili, hivyo `CC ?= clang` haibadilishi chochote.

Hatua ya 4: lazimisha inapobidi tu

```
	$(MAKE) -C maktaba CFLAGS='-O2 -Wall'
```

Thamani ya kwenye amri (hapa `CFLAGS`, chaguo za kikusanyaji) hushinda `=` ya mtoto, kisha husafiri kupitia `MAKEFLAGS`, kigeu ambacho Make hupitishia chaguo zake, hadi kwa wajukuu. Lakini hata `CFLAGS += -Iinclude` ya mtoto itapuuzwa kimyakimya, isipokuwa aandike `override CFLAGS += -Iinclude`. Ndiyo maana mimi huanza na `export`.

Hatua ya 5: hakiki

Ndani ya makefaili ya mtoto:

```
$(info $(MAKELEVEL) $(TOLEO) $(origin TOLEO))
```

`MAKELEVEL` ya mama ni 0, ya mtoto ni 1; `origin` husema kigeu kilitoka wapi. Ukiona `file` ulipotarajia `environment`, ama kuna `=` mahali fulani, ama thamani ya mama haikufika na `?=` imeweka yake; tafuta.

Mtoto hawezi kubadili kigeu cha mama, kwa kuwa ni mchakato tofauti. Akiwa na la kurudisha, aliandike kwenye faili, na mama aweke:

```
-include maktaba/vigeu.mk
maktaba/vigeu.mk:
	$(MAKE) -C maktaba vigeu.mk
```

Faili isipokuwepo, Make huitengeneza kwanza, kisha husoma makefaili zote upya.