Kubatiza mtoto mchanga mkipanda Moshi Desemba

Wakatoliki wengi hutaka mtoto abatizwe kwa babu wakati wa Krismasi. Inawezekana, ila paroko wa kule kwa kawaida atadai barua ya paroko wa mnakoishi, nayo huanzia kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani. Ukiifuata tarehe 23, umechelewa.

Msimamizi wa ubatizo ndiye hukwamisha mambo. Awe Mkatoliki wa miaka 16 au zaidi, mwenye Komunyo na Kipaimara, na asiwe anaishi na mwenza bila ndoa. Baba au mama mzazi hawezi. Mmoja anatosha, wakiwa wawili, awe wa kiume na wa kike. Shemeji Mlutheri anaweza kuwa shahidi tu, kando ya msimamizi Mkatoliki.

Beba mshumaa na kitambaa cheupe. Nguo ya mtoto ifunguke kifuani, maana hapo hupakwa mafuta ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa). Krisma, mafuta mengine matakatifu, hupakwa utosini. (Masweta ya vifungo vya mgongoni ni usumbufu mtupu.)

Kinachomwondolea dhambi ya asili na kumfanya mwana wa Mungu ni ubatizo wenyewe, si sherehe. Akiwa mahututi, yeyote anaweza kummwagia maji kichwani mara tatu akisema: “Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Kisha mwambieni paroko aandike daftarini.